Diski Ipi kwa Pesa Ipi: Hesabu ya Kasi, Bei na Hewa ya Bagamoyo

Mwezi wa mfunguo mosi ukishaandama, mwambao wa kaskazini mwa Dar es Salaam haulali. Harusi zilizosubiri Ramadhani iishe zinafuatana: leo nikahi Kerege, kesho walima Mapinga, keshokutwa sendofu Bagamoyo mjini. Kila shughuli ina vijana wake wa kamera, na kila wanapotoka ukumbini usiku wa manane wanarudi na kadi zilizojaa.

Hesabu yake ni hii. Kamera inayorekodi picha za 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Shughuli ya saa 5 ni gigabaiti 225, na kwa kamera mbili ni gigabaiti 450. Laptopu ya kawaida ya mhariri wa video ina diski ya gigabaiti 500, na tayari nusu yake imeshikwa na Windows, programu za kuhariri na kazi za wateja ambao hawajamalizia malipo. Harusi moja tu inatosha kuizidi.

Ndipo mtu anapopanda daladala kwenda Kariakoo kutafuta diski. Dukani anaulizwa anataka ya shilingi ngapi, kisha anapewa jibu linalotolewa kwa kila mtu: chukua SSD, ina spidi. Jibu hilo lina ukweli, ila halijamuuliza mnunuzi anakwenda kufanya kazi gani. Mwanafunzi wa chuo, mhariri wa harusi, mwenye kibanda cha kurushia muvi kwenye flashi na mtunza kumbukumbu za taasisi hawapaswi kutoka dukani na kitu kimoja.

Tofauti za diski zinaanzia ndani yake, na njia rahisi ya kuziona ni kutazama ile iliyokwisha kufa kwenye meza ya fundi. Diski ya sahani ya laptopu, ile ya aina ya zamani, ni kisanduku cha chuma cha inchi mbili na nusu. Skrubu zake zina vichwa vya nyota, na mara nyingi moja imefichwa chini ya lebo. Kifuniko kikitoka, inaonekana sahani moja au mbili zinazong'aa kiasi cha mtu kujiona uso. Pembeni yake kuna mkono mwembamba wa chuma, na kwenye ncha ya mkono huo vichwa vya kusomea, vidogo kuliko punje ya mchele, vimeegeshwa juu ya kijukwaa cha plastiki. Fundi akiinamisha taa, sahani iliyoharibika huonyesha mstari wa duara, mwembamba kama uliochorwa kwa sindano. Hapo ndipo kichwa kilipogusa.

Hakikutakiwa kugusa kamwe. Sahani inapozunguka, kichwa huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu, na milimita moja ina nanomita milioni moja. Chembe ya moshi wa sigara haipiti katika nafasi hiyo. Ndiyo maana diski yenye data ambazo mteja bado anazitaka haifunguliwi mezani barabarani, hata fundi awe hodari vipi. Ikishafunguliwa kwenye vumbi, uwezekano wa kuokoa kilichomo unashuka vibaya sana.

Lebo nayo inasomeka kwa anayejua. Diski ya Seagate iliyoandikwa ST1000LM035 inaanza na herufi za kampuni, inafuata gigabaiti 1,000, kisha LM, alama ya diski za laptopu. Za kompyuta ya mezani huandikwa DM. Laptopu nyingi hutumia diski za mizunguko 5,400 kwa dakika na kompyuta za mezani mizunguko 7,200. Muuzaji asiyetaja namba hiyo, na mnunuzi asiyeiuliza, wote wameruka jambo la kwanza.

Mizunguko 5,400 kwa dakika ni mizunguko 90 kwa sekunde. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11, kwa hiyo kwa wastani kichwa kinasubiri nusu yake, yaani milisekunde 5.6, kabla kipande kinachotafutwa hakijapita chini yake. Ongeza milisekunde kama 12 za mkono kusogea kutoka mahali hadi mahali. Jumla ni karibu milisekunde 18 kwa kila kipande kidogo kilichotawanyika, maana yake diski inafikia vipande kama 55 tu kwa sekunde. Lakini data zikiwa zimepangana, mfano video moja ndefu, diski hiyo hiyo husoma megabaiti 100 na zaidi kwa sekunde bila taabu. Ni sawa na basi la Makumbusho kwenda Bagamoyo: likienda moja kwa moja linafika haraka, lakini likisimama Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege na kila penye mtu mwenye kikapu, injini ni ile ile ila safari imekuwa nyingine.

SSD haina sahani wala mkono. Ina chipu za kumbukumbu za flashi, teknolojia iliyobuniwa na Fujio Masuoka alipokuwa Toshiba nchini Japani na kutangazwa 1984. Kwa kuwa hakuna kitu cha kusogeza, kufika kwenye kipande chochote kunachukua chini ya sehemu ya kumi ya milisekunde, na SSD ya kawaida hufikia makumi ya maelfu ya vipande kwa sekunde. Hapa ndipo ilipo tofauti inayomfanya mtu ashangae. Kompyuta inapowaka haisomi video ndefu. Inasoma maelfu ya mafaili madogo madogo. Vipande 10,000 kwenye diski ya sahani, kwa hesabu ya hapo juu, ni dakika 3. Kwenye SSD ni sekunde moja au chini yake.

Kwa sababu hiyo, fedha inayolipa kuliko zote katika biashara hii ni ya kuitoa diski ya sahani kwenye laptopu ya mtumba na kuweka SSD ndogo. Laptopu hizo zinazoingia kutoka Ulaya na Dubai mara nyingi hazina tatizo la prosesa. Zinatambaa kwa sababu ya diski. Ikiwekwa SSD ya SATA ya gigabaiti 256, mashine iliyokuwa inawashwa, mwenyewe akaenda kunywa chai na kurudi, inakuwa tayari kabla hajavuta kiti. Mwanafunzi anayeandika kazi zake, kuingia mtandaoni na kutazama mihadhara hahitaji kingine.

Zipo pia SSD za NVMe, zile nyembamba zinazochomekwa kwenye ubao wa kompyuta. SSD ya SATA inaishia kwenye megabaiti 550 hivi kwa sekunde. NVMe za kizazi cha PCIe 3 hufika 3,500, na za PCIe 4 zinakaribia 7,000 au hata kupita. Kwa anayehariri picha za 4K zenye matabaka mengi, kasi hiyo inaonekana. Kwa anayefungua barua na jedwali la mahesabu ya duka, tofauti kati ya 550 na 3,500 haionekani kwa macho, na haifai kumtoa pesa ya ziada. Isitoshe, laptopu nyingi za zamani hazina hata mahali pa kuichomeka.

Sasa bei. Tangu mwanzo, historia ya diski ni historia ya kushuka bei. Mwaka 1956 IBM ilitoa mfumo wa RAMAC, ambao diski yake ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24 na uzito uliopita tani moja. Ilihifadhi herufi milioni 5, kiasi cha wimbo mmoja tu wa bongofleva katika simu ya leo, na mfumo wake ulikodishwa kwa dola 3,200 kwa mwezi. Mwaka 1980 Seagate ilileta ST-506, diski ya kwanza ya kuingia kwenye kompyuta ndogo: megabaiti 5 kwa dola 1,500. Mwaka 2007 Hitachi iliuza terabaiti 1 ya kwanza kwa dola 399, na mwaka huo huo Albert Fert na Peter Grünberg walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa ugunduzi wa 1988 uliowezesha vichwa vya kusomea kutambua alama ndogo sana za sumaku.

Kushuka huko hakukunyooka. Oktoba 2011 mafuriko ya Thailand yaliingia viwandani, kikiwamo cha Western Digital, katika nchi iliyokuwa ikitengeneza karibu asilimia 40 ya diski zote duniani. Ndani ya wiki chache bei za baadhi ya diski zilikaribia mara mbili, na ilichukua muda mrefu kurudi zilikokuwa. Leo watengenezaji wa diski za sahani wamebaki watatu tu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Mmoja wao akipiga chafya, wanunuzi wa Mtaa wa Msimbazi watapata mafua.

Namna ya kulinganisha bei ni moja: gawa bei kwa gigabaiti. Tuseme SSD ya gigabaiti 256 inauzwa 80,000/= na eksteno, yaani diski ya nje, ya sahani ya terabaiti 2 inauzwa 240,000/=. Ya kwanza ni shilingi 312 na senti kwa gigabaiti, ya pili ni shilingi 120. Anayetazama bei ya lebo anaona SSD ni rahisi. Anayetazama kazi ya kuhifadhi anaona ni karibu mara tatu ghali. Katika ukubwa wa terabaiti 4 na kuendelea pengo huwa pana zaidi.

Ila ukishuka chini, hali inageuka, na wauzaji wengi hawaisemi sababu yake. Diski ya sahani, iwe ya gigabaiti 250 au ya terabaiti 2, lazima iwe na mota, mkono, vichwa na kisanduku. Gharama hizo haziondoki hata ukubwa ukipunguzwa, kwa hiyo bei yake ina sakafu. SSD haina sakafu ya namna hiyo: chipu chache, bei ndogo. Ndiyo maana kununua diski mpya ya sahani ya gigabaiti 320 au 500 kwa ajili ya laptopu hakuna faida siku hizi. Kwa ukubwa huo SSD inalingana nayo bei au inakaribia, na kwa kasi inaiacha mbali. Mpaka unakuwa kwenye terabaiti 1 hadi 2. Ukivuka hapo kwa kazi ya kuhifadhi, sahani bado inashinda kwa wazi.

Mhariri wa harusi sasa anaweza kupiga hesabu yake, ila azingatie mnyororo mzima. Gigabaiti 225 za kamera moja zikipitia tundu la zamani la USB 2.0, lenye kasi halisi ya megabaiti kama 35 kwa sekunde, zinachukua saa 1 na dakika 47, hata kama upande wa pili kuna SSD ya bei mbaya. Kwenye tundu la USB 3.0, lile ambalo mara nyingi lina ulimi wa buluu, eksteno ya sahani inayoandika megabaiti 110 inamaliza kwa dakika 34. SSD ya nje inayoandika 450 ingemaliza kwa dakika 8 na sekunde 20. Ingemaliza, lau kadi ya kamera ingeweza kusoma kwa kasi hiyo. Kadi nyingi za SD husoma megabaiti 90 kwa sekunde, na kwa 90 kazi hiyo ni karibu dakika 42, diski iwe ipi. Aliyenunua SSD ya nje ili tu kumwaga kadi za namna hiyo amelipia kasi asiyoipata.

Kasi ya SSD inamlipa wakati wa kuhariri, pale programu inaposoma sauti, picha za kamera mbili na maandishi kwa pamoja, ikiruka huku na huku. Kwa hiyo mpangilio unaofaa ni SSD ya terabaiti 1 ndani ya kompyuta kwa kazi inayoendelea, na diski kubwa ya sahani nje kwa kazi iliyokwisha. Hofu kwamba SSD itachakaa kwa kuandikwa sana haina uzito mkubwa kwa mtu wa kazi hii: Samsung 870 EVO ya terabaiti 1 inapewa dhamana ya kuandikwa terabaiti 600. Kwa gigabaiti 100 kila siku, hiyo ni miaka 16.

Tahadhari ni kwa SSD kubwa za bei ya chini. Hizo hutumia chipu zinazobana biti nne katika kila seli, na kuficha uzito wake kwa kutumia eneo dogo la haraka linalopokea data kwanza. Eneo hilo likijaa, mwendo unaporomoka. Samsung yenyewe inaeleza kwamba 870 QVO ya terabaiti 1 ikishapokea takriban gigabaiti 42 mfululizo, kasi ya kuandika inashuka hadi megabaiti 80 kwa sekunde, chini ya eksteno ya sahani. Diski za sahani nazo zina ujanja unaofanana: baadhi hupanga njia za data zikilaliana kama vigae vya paa ili kupata nafasi zaidi, na zikiandikwa mfululizo kwa muda mrefu hulemewa. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zinazouzwa kwa ajili ya hifadhi za ofisi, zilikuwa za mtindo huo bila wanunuzi kuelezwa. Kwa hiyo kasi iliyoandikwa kwenye boksi la diski za namna hizo ni kasi ya dakika za mwanzo tu.

Hayo yote yangeweza kuandikwa Arusha au Nairobi. Bagamoyo ina la kwake, nalo ni hewa. Kaskazini mwa mji kuna mashamba ya chumvi ya Nunge, na upepo unaokausha chumvi pale ndio huo huo unaopenya madirisha ya nyavu na kukaa juu ya pini za shaba. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, unyevu unapanda hadi nguo kabatini zinanuka ukungu.

Watu wengi huogopa joto. Utafiti wa Google wa 2007, uliofuatilia diski zaidi ya 100,000, ulikuta uhusiano wa joto na kufa kwa diski ni mdogo kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Microsoft na wenzao walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya milioni moja katika vituo tisa vya data vya Microsoft, na walichokikuta kinawagusa moja kwa moja watu wa pwani: katika mazingira ya hewa ya nje, unyevu ndio uliokuwa na athari kubwa kuliko joto. Tena kilichokuwa kikiharibika zaidi ni ubao wa umeme wa diski na viunganishi vyake, si sahani zenyewe. Mafundi wa pwani wanalijua hilo kwa mikono. Diski inayosemekana imekufa, ubao wake ukifunguliwa na pini zilizoota ukoko wa kijani zikasafishwa kwa ufutio na spiriti, mara nyingine huamka na kukubali kutoa mafaili kwa mara ya mwisho.

SSD nayo ina ubao na pini, kwa hiyo haikukingwa na chumvi. Kinachozikinga zote ni boksi la plastiki linalofunga vizuri, na vifuko vya chembe za kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vikibadilishwa vinapochoka. Diski za sahani nyingi zina tundu dogo la kupumulia lenye chujio. Mtu asilizibe kwa stika ya jina la studio yake.

Umeme ni jambo la pili. Mgao wa mwishoni mwa 2023 ulipungua baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha megawati 235 Februari 2024, lakini kukatika kwa ghafla na kurudi kwa kishindo bado kupo. Diski ya sahani ikikatiwa umeme hurudisha mkono wake maegeshoni kwa nguvu ya mzunguko uliobaki. SSD ya kawaida inaweza kupoteza kilichokuwa njiani kuandikwa, na mara chache jedwali lake la ndani linaharibika na diski nzima ikakataa kutambulika. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS inahatarisha aina zote mbili. Laptopu yenye betri nzima haina shida hiyo, na hii ni sababu nzuri ya kubadilisha betri iliyokufa kabla ya kufikiria diski ya kasi zaidi.

Kuhusu bidhaa zilizochakachuliwa, mnunuzi akutane na diski kama anavyokutana na gari la mtumba: akague. Kwanza aondoe hofu isiyo na msingi. Diski ya terabaiti 1 inaposoma 931 kwenye Windows hajaibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Anayepaswa kuogopwa ni muuzaji wa SSD ya nje ya terabaiti 4 kwa bei ya flashi. Ndani ya hizo mara nyingi kuna kadi ndogo iliyofundishwa kudanganya ukubwa wake: inapokea mafaili yote, inaonyesha majina yote, na yaliyozidi uwezo wake yanafutana kimyakimya. Programu ya bure ya H2testw, iliyotoka kwa watu wa jarida la c't la Ujerumani, hujaza diski nzima kisha huisoma tena na kusema ukweli. Inachukua saa nyingi, na ni saa zilizotumika vizuri.

Kwa diski iliyotumika, CrystalDiskInfo, ya bure pia, huonyesha saa ilizokaa imewaka. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo saa 30,000 ni zaidi ya miaka 3 mfululizo. Mistari ya kutazama ni ya sekta zilizohamishwa na sekta zinazosubiri; namba yoyote zaidi ya sifuri hapo ni sababu ya kurudisha diski dukani. Saa nazo huchezewa. Mwanzoni mwa 2025 vyombo vya habari vya Ujerumani vilifichua diski za Seagate zilizokwisha kutumika maelfu ya saa zikiuzwa kama mpya, hesabu zikiwa zimerudishwa sifuri. Kama wanunuzi wa huko, wenye sheria kali za watumiaji, waliuziwa, hapa hakuna sababu ya kuona haya kuomba diski ipimwe kabla ya kulipa.

Lakini mzigo mzito kuliko wote Bagamoyo si wa harusi, ni wa kumbukumbu. Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981, na tangu 1982 mji umekuwa ukiandaa tamasha la sanaa na utamaduni ambalo leo linasimamiwa na TaSUBa, taasisi iliyorithi chuo hicho. Miongo minne ya ngoma, maigizo na sarakasi kutoka kila upande wa nchi imepita pale. Mwaka 2002 moto uliteketeza ukumbi wa maonyesho, ukajengwa mwingine. Onyesho ambalo halikurekodiwa halijengwi upya. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeishi na kufanya kazi Bagamoyo hadi kufa kwake 2003, sauti na zeze lake tunavyo kwa sababu vilirekodiwa na kutunzwa na watu wenye vyombo. Albamu yake ya Chibite ilitolewa na Real World ya Uingereza mwaka 1996. Mwanafunzi anayepiga marimba jukwaani leo anarekodiwa na simu kumi, na rekodi hizo kumi zote zinaweza kuwa zimepotea ndani ya miaka mitatu. Hilo linauma, kwa sababu dawa yake iko dukani.

Kwa kazi ya kumbukumbu ushindani wa kasi unaisha kabisa, na SSD, iliyoshinda kwa kasi, hapa inashindwa. Chipu ya flashi hushika data kwa chaji ya umeme, na chaji huvuja. Kiwango cha kimataifa cha JEDEC kinaitaka SSD ya mtumiaji wa kawaida iliyofikia mwisho wa uhai wake ishike data mwaka 1 tu bila umeme, katika nyuzi joto 30. Joto likizidi, muda unapungua. SSD mpya hushika kwa muda mrefu zaidi ya hapo, lakini kabati la Bagamoyo mwezi Februari ni zaidi ya nyuzi 30, na hakuna sababu ya kulipa mara tatu kwa kitu kisichofaa kulala. Diski ya sahani haina chaji ya kuvuja. Hatari yake ni mota kukwama na pini kuliwa na chumvi, na zote mbili hupunguzwa kwa kuichomeka na kuiwasha kila baada ya miezi michache.

Kiasi cha data nacho hakiendani na thamani yake. Kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara kilichoko Bagamoyo kilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyoshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia 2009, chanjo iliyokuja kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021. Rekodi za wagonjwa ni maandishi na namba. Mistari laki kadhaa inaingia kwenye gigabaiti chache. Kwa data za aina hiyo bei kwa gigabaiti haina maana yoyote, kinachonunuliwa ni nakala nyingi. Katikati ya video na maandishi hayo zipo nyaraka za kale, mfano vitabu vya misheni ya Kikatoliki iliyofika Bagamoyo mwaka 1868. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa rangi, nukta 300 kwa inchi, bila kubanwa, unachukua megabaiti 26. Kurasa 10,000 ni gigabaiti 260, ambazo zinaingia kwenye eksteno ndogo kuliko zote zinazouzwa mpya.

Kuna wanaosema kila kitu kiwekwe kwenye wingu. Kwa maandishi na picha chache, sawa. Kwa video, tazama saa: gigabaiti 450 za harusi ile moja, zikipandishwa kwa megabiti 10 kwa sekunde, ni saa 100 bila kukatika. Na kukatika kupo. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini na intaneti ya Tanzania ikayumba.

Tuseme basi tamasha la siku 5, kamera mbili, saa 5 kila siku. Ni gigabaiti 2,250 kwa mwaka, na diski moja ya sahani ya terabaiti 4 inazibeba na nafasi ikabaki. Zinunuliwe mbili, za kampuni tofauti ili kasoro ya kiwanda kimoja isiziue zote kwa pamoja. Moja ikae kwenye boksi lake mjini Bagamoyo, nyingine ivuke Mto Mpiji ikakae Dar es Salaam. Data za Backblaze, kampuni ya Marekani inayochapisha takwimu za diski zake tangu 2013, zinaonyesha kwamba katika miaka mingi kati ya asilimia 1 na 2 ya diski zake hufa kwa mwaka. Hata kama hewa ya pwani itaongeza kiwango hicho mara tatu, uwezekano wa mbili zilizokaa miji miwili kufa mwezi mmoja unabaki mdogo sana. Baada ya miaka 5 zote zinamwagwa kwenye mpya kubwa zaidi. Kwa bei ya mfano wetu ya shilingi 120 kwa gigabaiti, nafasi inayochukuliwa na tamasha zima, nakala mbili, inagharimu 540,000/=.